Fundo la Luteni Salha

"Luteni Mbwana, umeshazamisha meli yako na chai yako bado inatoa mvuke."

Darasa zima lilicheka. Mbwana Shekivuli alivua vifaa vya masikioni, akakitazama kioo cha mtambo wake wa mazoezi kilichogeuka chekundu chote, kisha akamgeukia mwalimu wake kama mtu aliyedhulumiwa mchana kweupe.

"Lakini afande, wewe mwenyewe umesema zoezi limekwisha."

"Nimesema."

"Ukasema Mkuu wa Chuo ameagiza tusimame, twende ukumbini."

"Nimesema hilo pia. Na wewe ukanyanyuka ukaiacha meli katikati ya mkondo." Kamanda Editha Nyagawa alipita kati ya viti, mikono nyuma, sweta la bluu limekatika kiwiko. "Adui naye akikwambia vita vimeahirishwa, utaenda kupiga mswaki? Mwalimu wa chuo hiki atakujaribu mpaka siku unapotoka getini na begi lako. Nani hakunyanyuka?"

Hakuwa na haja ya kuuliza. Kwenye kiti cha pembeni, Luteni Salha Makungu alikuwa bado amekiinamia kioo chake, anaipenyeza meli taratibu kati ya vibanda vinavyoelea, asimguse mtu. Hata kichwa hakuinua.

"Umenisikia nilivyosema, Luteni?"

"Nimekusikia, afande."

"Mbona hukusimama?"

"Nilijua ni jaribio, afande."

"Ulijua vizuri."

"Huyu," Mbwana alinong'ona kwa sauti ya kusikika na wote, "hata akiambiwa nyumba yao inaungua, atasema ni jaribio." Darasa likacheka tena. Salha naye akatabasamu, macho hayajatoka kwenye kazi.

Chuo cha Uongozi wa Majini kilijengwa Njombe, mbali kabisa na bahari, kwa sababu mashine za nakala zinapenda baridi. Maofisa hawakuulizwa. Walijifunza vita vya majini wakiwa wamevaa masweta mawili mawili na kula viazi asubuhi na jioni, na wengi wao wasingeweza kuogelea hata kuvuka bwawa la samaki la jikoni. Editha alikuwa mmoja wa walimu wachache waliowahi kutapika melini. Aliwaambia hivyo kila kundi jipya, ili wajue wanafundishwa na nani.

Mkataba wa Bahari ulikuwa umekataza mashine kuamua peke yake nani afe. Lazima awepo binadamu. Shirikisho lilikuwa na meli nyingi kuliko watu waliokubali kufia ndani yake, kwa hiyo lilitafuta binadamu asiyekula, asiyelala na asiye na mama wa kumlilia. Ofisa alifundishwa, akapimwa, akalazwa kwenye kiti, na mashine ikachukua namna yake ya kuamua. Haikuchukua jina lake wala utoto wake. Ilichukua lile analolifanya kabla hajajua kwamba ameshalifanya. Nakala ndiyo iliyokwenda baharini. Ofisa, ambaye sasa aliitwa asili, alirudi kwao kufuga kuku au kufundisha hisabati, akiwa na sharti moja shingoni: nakala yake ikikosea, mahakamani anasimama yeye.

*

Mkuu wa Chuo, Komodoo Kilindo, alikuwa na mafua. Njombe ilimpa mafua ya kudumu, na leso yake haikutoka mkononi.

"Karibu, Mama Nyagawa. Kaa. Kahawa?"

"Sema kwanza, afande. Kahawa yako hunywewa na wanaopewa habari mbaya."

Kilindo alicheka kidogo, akakohoa, akaacha kucheka. "Unazikumbuka meli tulizopeleka Chale mwaka jana?"

Nani angezisahau? Mji wa Chale ulikuwa umemezwa na bahari, na watu wake waligoma kuondoka. Walifunga mapipa na mbao juu ya mapaa ya nyumba zao wenyewe, wakaishi hapo, wakiuza mwani na kupika kwa majiko ya mafuta. Maharamia waliwapenda kwa sababu ni rahisi kuwapora na rahisi kujificha kati yao. Meli zilipelekwa kuwalinda. Risasi ya kwanza ilipolia, meli zote ziligeuka pamoja, zikarudi bandarini. Vibanda viliungua siku mbili.

"Tuliambiwa mitambo iliharibika," Editha alisema.

"Mitambo ilikuwa mizima. Wamezifungua zile nakala, wamezichambua uzi kwa uzi. Wamekuta fundo."

"Fundo gani?"

"Wewe ukishona, ukifika mwisho unafanyaje? Unafunga fundo, la sivyo uzi unafumuka wote. Nakala nayo iko hivyo. Neno la mwisho analolisikia ofisa kabla mashine haijamfunga ndilo linaloshikilia mengine yote. Lina nguvu kuliko miaka miwili ya darasani." Alijipangusa pua. "Na neno la mwisho, tangu siku ya kwanza ya chuo hiki, ni lipi?"

Editha alilijua. Ulikuwa utaratibu wa mabaharia, wa zamani kuliko chuo. Anayekwenda akikanyaga ngazi ya meli, mkubwa anayebaki humshika bega na kumwambia: urudi salama. Walimu walikuja nao Njombe. Ofisa akishalala kitini, mwalimu wake huingia peke yake, humshika bega na kulisema. Hakuna aliyewaagiza. Walifanya kwa sababu chumba kile ni cha baridi na mtoto wa watu amelala humo amefungwa mikanda.

"Urudi salama," alisema.

"Zikarudi salama," alisema Kilindo. "Zote. Hata rangi haikukwaruzwa."

Nje, wanafunzi walikuwa wanacheza mpira wa wavu na kutukanana. Editha aliwasikiliza kidogo. Kisha akasema, "Basi tuache. Nitaingia, nitamshika bega, nitatoka kimya."

"Bila fundo hakuna nakala. Tena haliwi hotuba. Linaloshika ni pumzi moja. Na asili asilijue kabla, maana akilijua atabishana nalo moyoni na halitashika." Alisukuma kipande cha karatasi juu ya meza. "Makao makuu wametuletea hili. Utamwambia Luteni Salha. Ndiye pekee aliyefaulu mwaka huu, kwa hiyo nakala yake itaingia kwenye meli zote zinazorudi Chale."

Kwenye karatasi kulikuwa na maneno mawili: Maliza kazi.

"Wamelijaribu?"

"Wamelipigia kura."

"Afande, hivi hawa watu wana watoto?"

"Una wiki moja," Kilindo alisema bila kumtazama. "Ukipata bora kuliko hilo, niletee. Ukikataa, nitaingia mimi mwenyewe na nitalisema. Sitaki, lakini nitalisema."

*

Chumba cha majaribio kilikuwa cha fundi Ndelwa, kijana mnene mwenye kofia ya sufu, aliyezoea mashine kiasi kwamba aliongea nazo kuliko alivyoongea na watu. Alikuwa na nakala za rasimu za Salha, zilizochukuliwa mazoezini: nyepesi, za kutupwa. Aliweza kuifunga moja kwa neno lolote, kuiingiza kwenye Chale ya kuigiza, na kuona inafanya nini.

"Anza na la wakubwa," Editha alisema.

Meli ilifika Chale. Maharamia walikimbilia kati ya vibanda kama kawaida yao. Meli iliwafuata. Kwa kuwa haikuweza kumtofautisha haramia na muuza mwani, na kwa kuwa kazi haikuwa imekwisha maadamu kulikuwa na kitu kinachosogea, iliendelea mpaka hakikubaki hata kimoja.

Ndelwa alivua kofia, akaivaa tena. "Imemaliza."

"Nimeona. Weka 'usiue mtu'."

Meli iliwaona maharamia wakipanda vibandani na mapanga. Ikasimama, ikatazama mpaka mwisho.

"'Walinde.'"

Hii iliwafurahisha kwa muda. Maharamia walifukuzwa vizuri kabisa. Kisha meli ikazunguka vibanda na kukataza mtu yeyote kutoka, kwa sababu nje kuna hatari. Boti ya maji ya kunywa nayo ilizuiwa, maana ilitoka nje. Watu walikufa kwa kiu ndani ya ulinzi.

Waliendelea siku nzima na siku iliyofuata. Editha alileta maneno kutoka kila mahali: ya amri, ya dini, ya jikoni. Alikuwa amelea watoto watatu, na alijua mama husema nini mlangoni mtoto akiwa na begi mgongoni. Aligundua kwamba maneno yale yote yanafanya kazi kwa sababu mtoto anajua ayapuuze lini. Nakala haikujua kupuuza. "Sikiliza" ilisikiliza mayowe yote kwa makini, ikayarekodi. "Uwe na huruma" ilikutana na majeruhi wa kwanza, na Editha alimwamuru Ndelwa azime kabla haijafika kwa wa pili.

"Jaribu 'vaa sweta', mama," Ndelwa alisema, amechoka.

"Weka."

Meli ilifunga milango yake yote na madirisha yote, ikatulia palepale, joto na kavu, huku Chale ikiungua pembeni yake. Walicheka mpaka Ndelwa akashika meza. Halafu wakaacha, na hakuna aliyetaka kumwangalia mwenzake.

"Na kimya?" Editha aliuliza. "Nikitoka bila kusema?"

Ndelwa aliweka kimya. Nakala ilifumuka mbele ya macho yao. Meli ilizunguka, ikasimama, ikazunguka, ikapiga king'ora, ikawapigia risasi ndege.

"Hakuna neno, afande," alisema Ndelwa. "Si kwamba hatujalipata. Halipo."

Editha alikaa akiwaza kwa namna yake, yaani kwa kuondoa kimoja kimoja kisichowezekana. Kama hakuna neno, basi nakala isiwepo. Sheria ilimpa asili haki moja: kabla taa ya kijani juu ya kiti haijawaka, akinyanyuka kitini akaondoka, haulizwi na hawezi kurudishwa. Lakini lazima anyanyuke mwenyewe. Salha akinyanyuka, hakuna mwingine aliyefaulu. Meli zitakaa bandarini mpaka kundi lijalo, na Chale itabaki na maharamia wake. Watu watakufa, hilo alilijua, wala hakujidanganya. Lakini haramia huchoka. Haramia hushiba, hulewa, huwa na mtu anayemkumbuka nyumbani. Meli haichoki.

Tatizo lilikuwa kumfikia Salha. Mwanafunzi aliyefaulu alitengwa wiki nzima, analala na kula peke yake, na mwalimu haruhusiwi kumwona hadi kwenye chumba chenyewe. Hapo ndipo angemwambia.

*

Salha alikuwa amelala kitini, mikanda imelegezwa kifuani, nywele zimefungwa kwa kitambaa cheupe. Meno yalikuwa yanagongana kwa baridi. Alipomwona mwalimu wake alitabasamu kama mtoto wa bweni aliyetembelewa.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wamekulisha?"

"Viazi, afande."

"Bila shaka." Editha alimshika bega. Taa juu ya kiti ilikuwa imezimwa. Ingewaka yenyewe, pumzi ya ofisa ikishatulia; ndivyo mashine ilivyojua kwamba mtu yuko tayari kufungwa kwa neno litakalofuata. Kwa wengi ilichukua muda mrefu, maana wengi wanaogopa. Editha alikuwa ameutegemea muda huo.

"Nisikilize, Luteni. Sina muda wa kuremba. Fungua hiyo mikanda, uinuke, utoke humu. Una haki hiyo. Wataipeleka nakala yako Chale na itaua watu, neno lolote nitakalokwambia. Nimejaribu yote. Halafu watakuita wewe wakuhukumu."

Salha alimtazama. Kwa kitambo kidogo sana hofu ilipita usoni pake, na Editha aliiona, akashukuru. Kisha hofu ile iliondoka. Mahali pake pakaja kitu ambacho Editha alikifahamu vizuri kuliko mtu yeyote Njombe, kwa kuwa alikipanda yeye mwenyewe, somo baada ya somo. Macho ya Salha yalitulia. Midomo ikabana. Meno yakaacha kugongana.

"Nimekusikia, afande," alisema kwa upole, na akabaki amelala.

"Salha. Si jaribio."

"Ndiyo, afande."

"Mwanangu, nakuapia kwa wanangu niliowazaa. Si jaribio!"

Salha akatabasamu, akavuta pumzi ndefu, ya raha, ya mwanafunzi anayejua kwamba swali lile gumu la mwisho ndilo hili na kwamba analijibu sawasawa. Pumzi ikatulia. Na Editha, aliyekuwa amemshika mabega yote mawili sasa na kumtikisa, alimpigia kelele usoni:

"Inuka! Toka! Nenda nyumbani!"

Taa ya kijani ilikuwa imeshawaka.

*

Mahakama ilikaa Njombe, katika ukumbi wa chuo, kwa sababu wazee wa mahakama walikuwa na mkutano Makambako na njia ilikuwa fupi.

Walionyesha picha kutoka Chale. Meli zilifika asubuhi, bahari ikiwa imechafuka. Hazikufyatua risasi hata moja. Maharamia walikimbia walipoziona, na hadi hapo kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha vipaza sauti vilifunguliwa, na sauti ya Salha, kwa maneno ya Editha, ikatoka kwenye meli zote kwa pamoja: Inuka. Toka. Nenda nyumbani.

Watu wa Chale walitoka kwenye vibanda vyao wakatazama. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni aliita kutoka kwenye mbao, na kinasa sauti cha meli kikamnasa vizuri: "Hapa ndipo nyumbani! Nyumba yangu iko hapa chini ya miguu yangu!"

Inuka. Toka. Nenda nyumbani.

Meli zilisogea pole pole, ubavu kwa ubavu, zikasukuma. Hazikuwa na hasira. Kamba za mapipa zilikatika moja moja. Waliokuwa na boti walipanda boti, waliokuwa na mapipa wakashika mapipa, na wote wakasukumwa nje kwenye bahari iliyochafuka, huku sauti ikiwafuata, ikiwasihi, maana Editha alikuwa amesihi.

Editha alitoa ushahidi. Alisema maneno yale ni yake, kila moja, na asili hakuyajua. Mwenyekiti wa mahakama alimsikiliza kwa heshima, akamwambia kwamba sheria haimtambui mwalimu. Sheria inatambua asili. Kisha akamgeukia Salha, akamuuliza swali ambalo sheria inamtaka aulize: nakala yako iliamriwa kuwalinda watu hawa; wewe mwenyewe, ungelisikia neno lile, ungefanya kama ilivyofanya?

"Nililisikia, mheshimiwa," alisema Salha. "Sikwenda popote."

Wazee walinong'onezana. Waliandika kwamba jibu halihusiani na swali, wakamfunga kifungo kirefu.

Siku hiyohiyo kabla ya chakula cha mchana, Komodoo Kilindo alimvuta Editha pembeni, leso puani. Alitaka asikie kutoka kwake kwanza. Makao makuu walikuwa wameitazama picha ileile. Mkondo umefunguka, maharamia hawapo, risasi haikutumika. Nakala zote zijazo zitafungwa kwa fundo hilohilo, la Kamanda Nyagawa. Sauti yake imeshahifadhiwa. Haitamlazimu hata kuingia chumbani.

"Futa," alisema Editha.

"Siwezi, mama. Unajua siwezi."

Alimwacha amesimama, akaenda hadi kwenye benchi la koridoni ambako Salha alikuwa amekalishwa kati ya askari wawili akisubiri gari. Alikuwa amevaa gauni la nyumbani na koti la baridi la kuazimwa. Alipomwona Editha, alisimama wima, visigino pamoja, kabla askari hawajawahi kumzuia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa, Salha. Kaa chini."

Hakukaa hadi mwalimu alipokaa. Walitazama ukuta, ambako picha za makamanda wa zamani zilikuwa zimepangwa, wote wakiwa na bahari nyuma yao.

"Afande, naomba nikuulize swali."

"Uliza."

"Siku ile kitini." Alisita, akitafuta namna ya kusema bila kumkosea heshima. "Lilikuwa jaribio?"

"Hapana," alisema Editha. "Halikuwa jaribio."

Salha aliinamisha kichwa kidogo, kama alivyozoea darasani alipokosolewa, akalipitia lile kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho.

"Basi nilipaswa kuinuka."

"Ndiyo."

"Nimeelewa, afande," alisema Salha, na askari wakamwambia gari limefika.